“Kenya haitaki viza tena”: Habari ya safari ikikatwa nusu, anayelipa ni msafiri

Desemba 12, 2023, Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 60 ya uhuru. Siku hiyo Rais William Ruto alitangaza jambo ambalo kwa saa chache tu lilikuwa limezunguka dunia nzima: kuanzia Januari 2024, mgeni hatahitaji viza kuingia Kenya, awe anatoka pembe yoyote ya dunia. Vyombo vingi vya habari vikaibeba habari hiyo kwa maneno yanayofanana: Kenya yafuta viza kwa nchi zote.

Maneno hayo hayakuwa uongo, ila yalikuwa nusu ya habari. Katika hotuba hiyohiyo, rais alisema pia kwamba kila msafiri atatambuliwa kabla hajafika, kupitia mfumo wa intaneti, na atapaswa kupata kibali cha safari cha kielektroniki. Nusu hii ya pili ndiyo iliyodondoka njiani. Redioni haikupata nafasi, na kwenye makundi ya WhatsApp haikufika kabisa.

Tunaandika makala haya kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wanaishi karibu na mipaka au wana ndugu ng’ambo ya mpaka. Wanavuka kwenda kuuza mazao, kutibiwa, kusalimia mtoto aliyeolewa, au kuzika. Kwao habari ya viza, ya chanjo au ya ugonjwa ni nauli iliyokopwa na siku ya kazi iliyoachwa. Ikikosewa, hasara inamkuta mtu akiwa tayari yuko dirishani kwa afisa uhamiaji.

Neno moja, wasafiri watatu

Tuanze na kilichotokea Januari 2024. Viza ya Kenya iliondoka, na mahali pake kikaja kibali kinachojulikana kwa kifupi kama eTA. Mgeni alitakiwa kukiomba kwa intaneti siku kadhaa kabla ya safari, kuonyesha pasipoti, mipango ya safari na mahali atakapolala, kisha kulipa dola 30 za Marekani. Kwa fedha ya Tanzania wakati huo, hizo ni zaidi ya shilingi 70,000.

Sasa tazama habari hiyo moja ilivyowagusa watu watatu tofauti.

Wa kwanza ni mtalii kutoka nchi ambayo raia wake walikuwa wakilipa viza ya Kenya kwa karibu dola 50. Kwake huo ulikuwa unafuu, ingawa bado alipaswa kujaza fomu na kulipa.

Wa pili ni mfanyabiashara kutoka Malawi, Zambia au Zimbabwe. Raia wa nchi hizo walikuwa wakiingia Kenya bila viza tangu zamani. Kwao tangazo la “kufuta viza” lilileta fomu mpya na ada ambayo hawakuwahi kuilipa. Aliyesikia nusu ya habari angeweza kufunga safari akiamini mlango umefunguliwa zaidi, kumbe kwake umewekewa komeo.

Wa tatu ni Mtanzania. Kwake hakuna kilichobadilika. Raia wa Tanzania, kama wa Uganda, Rwanda na Burundi, walikuwa wakiingia Kenya bila viza kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kibali kipya hakikuwahusu.

Kwa hiyo tangazo moja lilikuwa unafuu kwa mmoja, mzigo kwa mwingine, na kwa wa tatu halikuwa na maana yoyote. Habari ya safari haiwezi kuwa sahihi mpaka iseme inamhusu nani. Ukitoa neno hilo, yanayobaki yanaweza kuwa kweli yote na bado yakampoteza mtu.

Kisha mambo yakabadilika tena

Januari 2025, Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha raia wa karibu nchi zote za Afrika waondolewe sharti la kibali hicho, na kufikia Julai 2025 utaratibu huo ulikuwa umeanza kutumika. Libya na Somalia ziliachwa nje kwa sababu za usalama. Waafrika wengine waliruhusiwa kukaa hadi miezi miwili, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi miezi sita.

Ona hapo: Mmalawi aliyesoma habari ya Desemba 2023 alidhani haitaji kitu, kumbe alihitaji. Mmalawi aliyesoma habari ya 2024 baada ya Julai 2025 alidhani anahitaji, kumbe hahitaji tena. Habari zote mbili bado zipo kwenye intaneti, na ukitafuta kwa simu zinakuja pamoja kana kwamba zina umri mmoja.

Ona pia miezi sita kati ya kuidhinisha na kuanza. Baraza la Mawaziri likikubali jambo, afisa wa mpakani bado anafuata waraka wa zamani mpaka wa mpya umfikie. Mtangazaji akisema “Kenya imeondoa” siku ambayo kimsingi Kenya “imekubali kuondoa”, amebadilisha kitenzi kimoja tu, lakini msafiri atakayeondoka kesho yake atarudishwa.

Mfano wa mama wa Rombo

Tuchukue mfano. Mama mmoja anaishi Rombo, mkoani Kilimanjaro, na analima ndizi na maharage. Binti yake amejifungua Nairobi, naye anataka kwenda kumlea mzazi kwa mwezi mmoja. Amesikia redioni kwamba Kenya haitaki viza. Jirani amemwambia kitambulisho cha NIDA kinatosha. Kijana wa steshenari pale senta amemwambia hapana, siku hizi kuna kibali cha kwenye intaneti, na yuko tayari kumjazia akimpa hela ya ada pamoja na ya usumbufu.

Watu watatu wamempa majibu matatu, na kila jibu lina asili yake.

La redio ni sahihi kwa maana kwamba Mtanzania hahitaji viza. Lakini halikumwambia kwamba kutohitaji viza si sawa na kutohitaji hati. Mtanzania anayevuka kwenda Kenya anahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji, na anapaswa kugongewa muhuri anapoingia na anapotoka. Asiyegongewa muhuri hana ushahidi wa siku alizokaa, na tatizo lake litaanza wakati wa kurudi.

La jirani lilianzia kwenye habari ya kweli. Mwaka 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuruhusu raia wao kusafiri kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Habari hiyo ilipozunguka midomoni ikawa “Afrika Mashariki ni kitambulisho tu”. Tanzania haikuwa katika mpango huo. Nchi tatu zikageuka kuwa Jumuiya nzima, na mtu wa Rombo akajikuta amehesabiwa mahali ambapo hayumo.

La kijana wa steshenari ndilo la hatari zaidi, hata kama hana nia mbaya. Kibali kile hakimhusu mama huyu. Lakini akiandika kwenye simu maneno “viza ya Kenya”, anaweza kuletewa tovuti za mawakala binafsi zenye nembo na bendera, zinazofanana na za serikali, na zinazotoza zaidi ya ada halali. Tovuti rasmi ya Kenya kwa jambo hili ni etakenya.go.ke. Tazama mwisho wa anwani: za serikali ya Kenya huishia na go.ke, na za serikali ya Tanzania huishia na go.tz. Anwani inayoishia kwa com si ya serikali, hata ikiwa na bendera tano.

Mama huyu angeweza kulipa kibali asichokihitaji, kisha akaondoka bila hati anayoihitaji. Hapo ndipo nusu ya habari inapomfikisha mtu.

Kuingia si kufanya kazi

Kuna sehemu nyingine ambayo neno “bila viza” hupotosha. Viza, au kutohitaji viza, ni suala la kuingia. Kufanya kazi ya kuajiriwa au kufungua biashara ni suala jingine lenye sheria yake.

Wakenya walilikuta hilo kwetu Tanzania. Mwishoni mwa Julai 2025, serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na uongozaji watalii. Mkenya aliyekuwa akiingia Tanzania bila viza aliendelea kuingia bila viza. Lakini akikutwa anaendesha kibanda cha miamala, amevunja sheria ya nchi.

Vivyo hivyo kijana wa kwetu anayesikia “Kenya bila viza” na kudhani maana yake ni “Kenya kuna kazi”. Muhuri wa mgeni haumpi ajira. Mwajiri akimdhulumu, atasita kwenda kulalamika polisi, kwa sababu karatasi zake mwenyewe hazijakaa sawa. Sisi watangazaji tunapochanganya mambo haya mawili katika sentensi moja, tunamtuma mtu kwenye udhaifu huo.

Kadi ya njano na habari iliyozeeka

Habari nyingine hupotosha kwa sababu ilikuwa kweli zamani na hakuna aliyeifuta. Mfano mzuri ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ile tunayoiita kadi ya njano.

Kwa miaka mingi kadi hiyo ilikuwa halali kwa miaka 10. Baada ya hapo ulipaswa kuchanjwa tena. Tangu Julai 11, 2016, kanuni za kimataifa za afya zinazosimamiwa na Shirika la Afya Duniani zinasema kadi hiyo ni halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa, kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa sindano. Mabadiliko hayo yanahusu hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Nchi haipaswi kumkataa msafiri kwa sababu tu kadi yake ina zaidi ya miaka hiyo.

Hata hivyo, “miaka 10” bado inasikika vituo vya mabasi na hata kwenye maikrofoni. Mtu anayekwenda Kongo, ambako kadi hiyo inatakiwa, anaweza kuambiwa ya kwake imekwisha na alipie nyingine. Asiyejua atalipa. Anayejua atasema kwa adabu: “Afisa, kadi hii ni ya maisha.” Sentensi hiyo moja inaweza kumwokolea nauli ya kurudi.

Habari ya namna hii haina mtu aliyedanganya. Imekosa tarehe tu. Kila habari ya safari ingekuwa na tarehe kama pakiti ya maziwa, tungeona mara moja ipi imeharibika.

Walipotukosea sisi: Ebola ya 2014

Tukidhani wanaokosea ni sisi wadogo tu, tukumbuke mwaka 2014. Ugonjwa wa Ebola ulilipuka Guinea, Liberia na Sierra Leone, huko Afrika Magharibi, na hadi ulipodhibitiwa ulikuwa umeua zaidi ya watu 11,000. Kenya na Tanzania hazikuwa na mgonjwa hata mmoja katika mlipuko huo.

Lakini vyombo vingi vya nchi za nje vilisema “Ebola Afrika”. Watalii waliokuwa wamepanga kuja kuona wanyama mashariki na kusini mwa bara hili wakaahirisha au kufuta safari. Agosti mwaka huo shirika la ndege la Korean Air lilisitisha safari zake za Nairobi.

Chukua ramani upime. Kutoka Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Freetown hadi London ni chini ya kilomita 5,000. Hadi Madrid, Hispania, hazifiki 4,000. Aliyeogopa kuja Serengeti kwa sababu ya Ebola, akaamua kwenda Madrid, alikuwa amesogea karibu zaidi na ugonjwa. Na kweli, Oktoba 2014 muuguzi mmoja aliambukizwa Ebola palepale Madrid, na wauguzi wawili waliambukizwa Dallas, Marekani.

Nani alilipa? Mtalii alirudishiwa hela yake au alikwenda kwingine. Mpagazi wa Kilimanjaro anayelipwa kwa kila msafara hakuwa na pa kurudishiwa. Mkulima anayepeleka mboga na mayai hotelini Karatu hawezi kumwambia kuku asubiri watalii warudi. Jina la bara lilitumika mahali pa jina la nchi, na hasara ikashuka hadi shambani kwa mtu ambaye hajawahi kuiona Liberia hata kwenye picha.

Kosa hilohilo tunalifanya nasi tukiwatazama wengine. Tunasema “Uarabuni wanatafuta wafanyakazi wa ndani”. Uarabuni si nchi. Oman ina sheria zake, Saudi Arabia zake, Qatar na Falme za Kiarabu zake. Binti anayeambiwa “Uarabuni” hajaambiwa anakwenda wapi, mkataba wake utasimamiwa na nani, wala ubalozi wa Tanzania ulio karibu naye ni upi. Tukishaomba dunia isituite “Afrika” tu, nasi tuache kuwaita wengine kwa jumla.

Kwa nini sisi wanahabari tunakosea

Tuseme ukweli kuhusu kazi yetu. Taarifa ya habari redioni haina nafasi: jambo moja hupewa nusu dakika, na sentensi ya kwanza kukatwa ni ile inayoanza na “isipokuwa”. Lakini katika habari ya safari, “isipokuwa” ndiyo habari yenyewe.

Pili, tunapenda kunukuu hotuba kuliko kusoma kanuni. Hotuba ina sauti ya rais na makofi, kanuni ina kurasa na vifungu. Ila afisa wa mpakani hafanyi kazi kwa makofi.

Tatu, tunanakiliana. Shirika kubwa likiandika, vituo vidogo vinatafsiri, na kosa la mmoja linakuwa kosa la mia. Msikilizaji akilisikia jambo kwenye vituo vitano anaamini limethibitishwa mara tano, kumbe limetoka kwenye chanzo kimoja.

Nne, tunaona haya kusahihisha. Habari yenye kosa hutangazwa saa mbili usiku wakati kila mtu anasikiliza, na sahihisho husomwa saa tano wakati watu wamelala. Sahihisho la habari ya safari linapaswa kusomwa saa ileile iliyotangazwa habari yenyewe, na zaidi ya mara moja, maana aliyesikia kosa huenda ameshakata tiketi.

Maswali matano kabla ya kukata tiketi

Msikilizaji, huwezi kusubiri sisi wote tujirekebishe ndipo usafiri. Ukisikia habari ya nchi nyingine inayohusu safari, kwenye redio yetu au kwingine, iulize maswali haya:

Inamhusu nani? Raia wa nchi gani? Kama jina la nchi yako halikutajwa, usijihesabu ndani wala nje mpaka uulize.

Imeanza lini? Imetangazwa, imeidhinishwa, au imeshaanza kutumika? Na habari unayoisoma ni ya tarehe gani?

Ni wapi hasa? Nchi gani, mkoa gani? “Afrika”, “Ulaya” na “Uarabuni” si majibu.

Inaruhusu nini? Kuingia tu, au na kufanya kazi? Kwa siku ngapi? Kwa hati gani mkononi?

Nani amesema? Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, ubalozi na tovuti ya serikali ni vyanzo. Wakala anayetaka kulipwa ni muuzaji. Msikilize, lakini usimlipe kabla hujauliza penye ofisi.

Yule mama wa Rombo, akiyapitisha majibu yake matatu kwenye maswali haya, hataenda kwa kijana wa steshenari. Ataenda kwanza ofisi ya Uhamiaji akaulize anahitaji hati gani kwa safari ya mwezi mmoja, na kadi gani ya chanjo. Atapoteza asubuhi moja na nauli ya kwenda na kurudi. Lakini atafika Nairobi, atagongewa muhuri, atampakata mjukuu wake, na siku ya kurudi hakuna atakayemsimamisha.

Nasi upande wetu, kila tunapotangaza habari ya safari, tunapaswa kuyajibu maswali hayo matano kabla ya kufungua maikrofoni. Tukishindwa kujibu hata moja, ni heri tuseme wazi kwamba habari haijakamilika, na tukuombe usubiri kufunga mizigo.